Namna ya Kuuza Albamu ya Rap Goma Bila Kuuza Nakala Hata Moja

Mwongozo huu ni wa PDG mpya, yaani mkurugenzi mkuu mpya. Hapa Goma kila mwenye kompyuta moja, maikrofoni ya kuazima na mdogo wa jirani anayejua kuchana ni PDG, na kila PDG ana lebo. Kazi ya lebo inayojitegemea, popote duniani, ni tatu: kurekodi albamu, kuitangaza na kuiuza. Mbili za kwanza tunaziweza. Ya tatu imetushinda, kwa hiyo mwongozo huu umeiondoa. Fuata hatua hizi moja baada ya nyingine, na msanii wako atajulikana kutoka Birere hadi Mugunga bila mtu yeyote kumlipa hata franka.

Hatua ya kwanza: Anza na jina, kisha muhuri

Lebo haianzi na muziki. Inaanza na jina, na jina liwe na "Empire", "Mafia" au "Nation" ndani yake. Usione haya kwamba himaya yenyewe ni chumba cha mbao kilichosimama juu ya mawe ya volkano kule Majengo. Jina likishapatikana, tengeneza muhuri. Muhuri unatangulia maikrofoni, kwa sababu bila muhuri hakuna barua ya kuomba ufadhili, na bila barua ya kuomba ufadhili lebo itafanya kazi gani?

Mkataba na msanii usiuandike. Karatasi huzaa maswali: rekodi ni za nani, faida inagawanywaje, akiondoka anaondoka na nini. Wako waliopoteza muda kwa maswali hayo. Master P alianza na duka la rekodi huko Richmond, California, akalipa jina la No Limit, na mwaka 1996 alipokubaliana na wasambazaji wa Priority Records alihakikisha kwamba rekodi zinabaki mali yake na kwamba sehemu kubwa ya mapato, inayotajwa kuwa asilimia 85, inarudi mfukoni mwake. Kabla yake, Too $hort wa Oakland alikuwa akiuza kanda zake mkono kwa mkono mtaani, na kila kanda ikilipwa pale pale. Hao walikuwa na haja ya pesa. Wewe una haja ya kuitwa PDG, na hiyo inatosha.

Hatua ya pili: Rekodi nyimbo nyingi kadiri ya majina uliyonayo

Umeme ukirudi, rekodi. Ukikatika katikati ya ubeti, sema ni mtindo. Changanya Kiswahili, Kifaransa, Lingala na maneno machache ya Kiingereza ambayo hata msanii hayajui, ili albamu iwe ya kimataifa kabla haijavuka hata mpaka wa Petite Barrière.

Idadi ya nyimbo haipangwi na mashairi, inapangwa na mabanga, yale majina ya kulipiwa. Wanamuziki wa rumba wa Kinshasa walitufundisha zamani kwamba jina la mtu likitajwa ndani ya wimbo, mtu huyo hutoa pesa. Vijana wa rap waliwacheka wazee hao miaka mingi, wakisema rap ni sauti ya mtaa na haiimbi majina ya wakubwa. Kisha bili ya studio ilikuja. Leo ubeti unaolia kuhusu njaa ya Katoyi unaweza kusimama ghafla ili kumsalimu mfanyabiashara wa vitenge, mheshimiwa anayejiandaa kwa uchaguzi, na binamu aliyeko Canada ambaye hajatuma kitu tangu Krismasi. Panga orodha yako vizuri. Aliyelipa taslimu atajwe mwanzoni, kabla msikilizaji hajachoka. Aliyeahidi atajwe mwishoni, mahali ambapo mpiga diski hukata wimbo.

Hapa umeshafanya jambo kubwa bila kujua: albamu imelipwa kabla haijatoka, na aliyeilipa si msikilizaji. Kuanzia sasa msikilizaji ni mgeni tu kwenye sherehe ya watu wengine. Usishangae baadaye akikataa kuchangia.

Hatua ya tatu: Mpige picha msanii juu ya lava

Nyiragongo ililipuka Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Ikarudi tena tarehe 22 Mei 2021. Watu walipoteza nyumba, maduka na ndugu. Wapiga picha za albamu walipata mandhari.

Kwa hiyo mpeleke msanii kwenye mawe meusi. Avae koti la baridi kali hata kama jua la saa saba linamchoma, na asicheke. Klipu ya video iwe na vitu vinne bila kukosa: mlima unaotoa moshi kwa mbali, ziwa Kivu, sanamu ya dhahabu ya chukudu (chombo chetu cha mbao cha mizigo) pale kwenye mzunguko, na gari ambalo si lenu. Gari likodiwe kwa saa, na dereva akae nyuma ya kamera akiangalia muda. Pesa yote iliyobaki iishie hapa. Ukifika kwenye utangazaji ukiwa bado na dola mfukoni, umekosea hatua.

Hatua ya nne: Nenda redio na bahasha

Goma ina redio nyingi, na kila moja ina kipindi cha muziki wa vijana, na kila kipindi kina animateur, yaani mtangazaji, ambaye ni rafiki wa wasanii wote. Mfikie kwa heshima. Mazungumzo yatakwenda hivi:

"Mukubwa, piesi yetu umeisikia?"

"Kadogo, nimeisikia. Iko ya nguvu. Iko ya kimataifa kabisa."

"Sasa itapita lini?"

"Itapita tu. Lakini wewe mwenyewe unajua, transport."

Waandishi wa habari wa Kongo wana jina la transport hiyo: coupage. Usimlaumu animateur kwa haraka, maana huenda mshahara wake wenyewe unafika kwa kusuasua, kama unafika. Mpe. Wimbo utapita mara mbili, saa kumi na moja alfajiri na saa sita usiku, na katikati yake atasema jina la lebo yako vibaya. Wewe rekodi kipande hicho kwa simu na ukiweke kwenye status. Watu watakuandikia "Hongera PDG". Hakuna atakayeuliza albamu inapatikana wapi, na katika kipindi kizima si animateur, si msanii, si wewe mwenyewe atakayelitaja jambo hilo.

Mwaka ujao vijana wengine watakuja na bahasha kubwa zaidi, na wimbo wako utastaafu.

Hatua ya tano: Shika barabara

Utangazaji wa mtaani ndio fahari ya lebo ndogo, na hapa Goma inaweza kufundisha ulimwengu. Bandika karatasi ya tangazo juu ya tangazo la mchungaji aliyebandika juu ya tangazo la mgombea. Wape wamotari stika, nao watazibandika mahali taa ilipovunjika. Kodi gari lenye maspika lipite Katindo, Himbi hadi Ndosho, likipiga wimbo mmoja huo huo mpaka watoto waujue kuliko wimbo wa taifa. Mwenye akili zaidi hufunga spika kwenye chukudu, kile chombo cha mbao kinachoshusha viazi na makaa kutoka milimani, kwa sababu chukudu haihitaji mafuta na kila mtu huitazama inaposhuka.

Kisha fika Birere. Huko ndiko usambazaji wa kweli ulipo. Zamani vijana wa vibanda walichoma CD. Siku hizi mteja analeta simu au kadi ya memori, anataja anachotaka, na kijana mwenye kompyuta anamjazia nyimbo kwa franka chache. Wimbo wako umo ndani ya kompyuta hiyo tayari. Umeingiaje? Uliuleta wewe mwenyewe, bure, ukamshukuru kijana kwa kuupokea, ukamwachia na stika.

Tazama jambo hili vizuri kabla hatujaenda mbele. Mteja amelipa. Kijana wa kibanda amepokea. Bidhaa ni ya msanii wako. Mtu pekee ambaye hakupata kitu ni yule aliyeitengeneza, naye ndiye aliyesema asante. Dar es Salaam walipitia hali ya namna hiyo wakati wa kanda za bongo fleva: wasambazaji wachache wa Kariakoo ndio walioshika milango ya soko, na wasanii waliojaza viwanja walilalamika kwamba hawajui hata idadi ya kanda zao zilizouzwa. Sisi tumewapita. Wao angalau walikuwa na mtu wa kumlalamikia.

Hatua ya sita: Panga bei, kisha ionee aibu

Sasa albamu imetoka na lazima iwe na bei. Sema dola tano. Utaisema kwa sauti ndogo, ukitazama chini, na mshabiki atakujibu kwa mojawapo ya majibu haya yaliyothibitishwa:

"Yaya, mimi niko wako kabisa, nitumie tu kwa WhatsApp."

"Sina mega sasa hivi. Nipe kwa Bluetooth."

"Dola tano? Si tumekua pamoja?"

"Nitakupa mwisho wa mwezi." Hatasema mwezi gani.

Akitokea mtu wa ajabu aliye tayari kulipa, noti yake itakuwa na mpasuko mdogo pembeni, na kila mtu wa Goma anajua kwamba dola yenye mpasuko ni karatasi tu. Hata kambisti wa barabarani ataigeuza mara mbili na kukurudishia. Atataka kulipa kwa Airtel Money au M-Pesa, na hapo itagundulika kwamba hakuna popote ulipoandika namba ya kulipia. Haipo kwenye jalada la albamu, haipo kwenye stika, haipo kwenye klipu. Kwenye klipu nafasi hiyo ilichukuliwa na gari.

Mtumie faili. Kufikia jioni litakuwa limefika kwenye makundi ya familia, ya kwaya na ya chama cha wanafunzi wa zamani, likiwa na maandishi chini yake: "Tuunge mkono vijana wetu."

Kongo ina sheria ya haki za mwandishi tangu tarehe 5 Aprili 1986, na ina SOCODA ya kukusanya haki hizo. Ukitaka, unaweza kulitaja jambo hili ndani ya basi dogo linalopiga wimbo wa msanii wako kwa sauti ya juu. Abiria watacheka kwa wema, na dereva ataongeza sauti ili kukuheshimu.

Mwaka 2013, huko Los Angeles, rapa Nipsey Hussle alitoa Crenshaw bure kwenye intaneti, kisha akatengeneza nakala 1,000 za kushikika mkononi na kuziuza kwa dola 100 kila moja. Watu walimshangaa. Nakala zikaisha, na Jay-Z peke yake alichukua 100. Ona kosa la kijana huyu: alitaja bei bila kutazama chini.

Hatua ya saba: Ibatize albamu

Albamu isiyobatizwa ni ya kipagani. Kodi ukumbi, alika wakubwa, weka viti vya plastiki vyenye vitambaa vyeupe mbele, na utafute parrain. Parrain ni mtu mwenye tumbo na suti ambaye atasimama, ashike nakala ya kwanza juu, na kutangaza mbele ya kamera kwamba anainunua kwa dola mia tano. Ukumbi utapiga makofi. Mama wa msanii atalia. Mtu wa pili, asiyetaka kushindwa, ataahidi mia mbili, na wa tatu ataahidi mfuko wa saruji, Mungu anajua kwa nini.

Kesho yake anza kumpigia parrain simu. Endelea.

Usisahau kwamba ukumbi huo utatembelewa pia na maajenti wa kodi na huduma mbalimbali, kila mmoja na karatasi yake na muhuri wake, tena mkubwa kuliko ule wa lebo yako. Hao hawaahidi wala hawaahidiwi. Wanalipwa papo hapo.

Hatua ya nane: Mpate mteja wa kweli

Baada ya ubatizo utagundua kwamba mteja mmoja tu mjini hununua muziki kwa bei kamili na kutoa risiti: shirika lisilo la kiserikali. Halitaki albamu. Linataka wimbo mmoja kuhusu kunawa mikono, au kipindupindu, au amani, na wimbo uwe na neno "jamii" kwenye kiitikio. Msanii wako aliyechana juu ya risasi na vumbi ataambiwa aondoe mstari wa tatu kwa sababu unaweza kuwaudhi wafadhili. Ataondoa. Kodi ya nyumba haisubiri mstari wa tatu.

Jambo hili limeandikiwa kitabu kizima. Chérie Rivers Ndaliko, aliyefanya kazi na kituo cha Yole!Africa hapa Goma, alitoa Necessary Noise mwaka 2016, akionyesha jinsi pesa za misaada zinavyoamua sanaa ya mashariki ya Kongo iseme nini. Yole!Africa yenyewe, iliyoanzishwa na mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo, iliwapa vijana wengi wa mji huu nafasi ya kusema wanachotaka. Kwa PDG anayefuata mwongozo huu, hiyo ni anasa. Chukua wimbo wa kunawa mikono.

Hatua ya tisa: Usiwaguse wakubwa

Hatua hii haina utani mwingi. Novemba 2021 tume ya taifa ya kukagua nyimbo ilipiga marufuku nyimbo za Bob Elvis na za kundi la MPR, vijana wa Kinshasa waliouliza maswali kuhusu maisha ya nchi. Marufuku hiyo iliwatangaza kuliko redio zote, na watu wakapiga kelele mpaka wimbo wa MPR uliozuiwa ukaruhusiwa tena. PDG mwerevu anaweza kuona humo njia ya kutangaza albamu bila gharama.

Aangalie pia upande wa pili. Delcat Idengo, mwimbaji wa Kivu Kaskazini, alifungwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake. Tarehe 13 Februari 2025 aliuawa kwa risasi hapa Goma, wiki chache baada ya mji kutekwa na waasi wa M23. Nyimbo zake zilikuwa kwenye simu za watu wengi sana waliomlilia, na wengi wao walizipata kama wanavyozipata nyimbo zote: bure.

Hatua ya kumi: Funga hesabu

Hesabu ni fupi. Andika matumizi: studio, klipu, gari la saa mbili, bahasha, stika, spika, ukumbi, maajenti. Andika mapato: mabanga, wimbo wa kipindupindu, mfuko wa saruji ambao haujafika. Kwenye mstari wa "albamu zilizouzwa" weka kistari. Baada ya Januari 2025, benki zilipofunga milango, noti zikaadimika na makato ya kutoa pesa kwenye simu yakapanda, hata kistari hicho kilipata kisingizio kizuri. Kitumie.

Kisha sema sentensi ya kufungia ambayo kila PDG huisema: watu wa Goma hawana pesa za muziki.

Hapo ndipo mwongozo unapaswa kuwekwa chini, kwa sababu sentensi hiyo ni uongo. Februari 2014, tamasha la muziki la Amani Festival lilipofanyika kwa mara ya kwanza kwenye uwanja wa Collège Mwanga, kiingilio kilikuwa dola moja. Ilikuwa miezi michache tu tangu vita vya M23 ya wakati ule viishe. Maelfu kwa maelfu ya watu wa mji huu walipanga mstari wakalipa dola yao, wakaingia wakacheza. Kwa nini walilipa? Kwa sababu palikuwa na lango, bei iliandikwa, na aliyesimama langoni hakuona aibu kuipokea. Hata yule mteja wa kibanda cha Birere hulipa kila siku. Pesa ya muziki ipo Goma, ila inapita pembeni ya msanii, na lebo zetu ndizo zilizoitengenezea njia ya kupita.

Innoss'B, kijana wa mji huu, aliimba na Diamond Platnumz kwenye Yope Remix mwaka 2019 na Afrika nzima ikacheza. Lebo ndogo inamtazama na kuota feat yake kubwa itakayolipa madeni yote. Ndoto si mbaya. Lakini msanii asiye na Diamond anahitaji kitu kidogo zaidi: mkataba wa ukurasa mmoja, bei iliyoandikwa, namba ya kulipia kwenye kila stika na mwisho wa kila klipu, makubaliano na vijana wa Birere ili sehemu ya franka zao imrudie, na PDG anayetaja bei kwa sauti ile ile anayotumia kutaja jina la lebo.

Na wewe msomaji, ambaye simu yako ina nyimbo za vijana wa Goma na hukumbuki uliwahi kulipia upi: kabla ya kuandika "nitumie kwa WhatsApp, yaya", muulize namba yake ya Airtel Money, utume dola mbili, kisha ndipo uombe wimbo.